115 ilete gari, na ilete daktari
Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya na Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI

Waheshimiwa Mawaziri,

Nawaandikia nyote wawili kwa pamoja kwa sababu jambo lenyewe limekaa mpakani mwa ofisi zenu. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya ziko chini ya TAMISEMI. Hospitali za rufaa za mikoa na zilizo juu yake ziko chini ya Wizara ya Afya. Mama anayevuja damu katika zahanati ya kijijini huanza safari akiwa mikononi mwa waziri mmoja na kuimaliza mikononi mwa mwingine. Katikati, akiwa barabarani, hayumo mikononi mwa yeyote. Barua hii inahusu hapo katikati. Ombi langu ni moja: namba 115, ambayo leo huita gari, ianze kuita na daktari. Pawepo daktari wa dharura wa zamu, saa 24, mwenye mamlaka ya kutoa maelekezo ya tiba kwa simu kwa muuguzi au tabibu aliye na mgonjwa, tangu simu inapopigwa hadi mgonjwa anapopokelewa hospitalini. (Nazungumzia Tanzania Bara. Afya si jambo la Muungano, na Zanzibar ina wizara yake.)

Kwanza sifa iende inakostahili. Mpango wa m-mama, unaotumia namba hiyo ya 115 kuwasafirisha wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wenye dharura, ulianzia Sengerema mkoani Mwanza mwaka 2013, ukaenda Shinyanga, na mwaka 2022 ukazinduliwa kuwa wa taifa zima. Namna unavyofanya kazi ni ya akili kuliko inavyosifiwa. Simu ya bure hupokelewa na muuguzi katika kituo cha uratibu. Huyo huuliza maswali yaliyopangwa, mfumo humwonyesha ni hospitali gani inafaa na gari gani liko karibu, na kama gari la wagonjwa liko mbali, huitwa dereva wa kijijini mwenye gari lake, ambaye hulipwa kwa simu akishamfikisha mgonjwa. Uamuzi uliookoa watu hapo ni ule wa kutosubiri hadi nchi iwe na magari ya wagonjwa ya kutosha. Walichukua kilichokuwepo, yaani gari la mtu, simu ya mkononi na barabara ya vumbi, wakakipa utaratibu na malipo ya uhakika. Ninachokiomba kinafuata mantiki hiyo hiyo, ila safari hii kitu kilichopo ambacho hakijapewa utaratibu ni ujuzi wa daktari.

Tazameni takwimu zenu wenyewe. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikadiria vifo vitokanavyo na uzazi kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakadiria 104. Makadirio ya namna hii yana upana mkubwa wa makosa, na hakuna mpango mmoja unaoweza kujitwalia sifa yote, lakini hata ukipunguza kwa tahadhari, mwelekeo ni wa kujivunia. Sasa soma ukurasa wa watoto wachanga katika tafiti hizo hizo: vifo 25 kwa kila vizazi hai 1,000 katika ule wa kwanza, 24 katika wa pili. Mama anaokolewa zaidi; kichanga amebaki karibu palepale. Sababu ni nyingi, na sidai kwamba simu ndiyo dawa ya zote. Lakini kichanga ndiye mgonjwa asiyesubiri safari iishe. Asiyepumua anahesabiwa dakika. Anayepoteza joto au sukari mwilini hupotea taratibu akiwa amefunikwa kanga, na msindikizaji anaweza kudhani amelala. Kumwendesha haraka bila mtu wa kumwambia msindikizaji nini cha kufanya kwenye kiti cha nyuma ni kumsafirisha tu.

Wataalamu wa afya ya uzazi wamezoea kuugawa ucheleweshaji katika mafungu matatu: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kupata tiba ukishafika. Mgawanyo huo, uliotokana na kazi ya Thaddeus na Maine mwaka 1994, umefaa sana, ila umetuachia mazoea ya kudhani kwamba tiba huanza mlangoni pa hospitali. m-mama umelipiga fungu la pili. Tukishafanikiwa hapo, fungu la tatu halibaki hospitalini peke yake. Linajificha ndani ya gari. Saa mbili za njiani ni saa mbili ambazo mgonjwa angeweza kuwa anatibiwa, na kwa maradhi kadhaa saa hizo ndizo zenye faida kuliko zote zitakazofuata. Mfano ulio wazi ni asidi ya traneksami, dawa ya kuzuia damu kuvuja. Watafiti walipounganisha majaribio mawili makubwa, moja la majeruhi na jingine la wanawake waliovuja damu baada ya kujifungua, jumla ya wagonjwa 40,138, waliona kwamba kila dakika 15 za kuchelewesha dawa hiyo hupunguza manufaa yake kwa takribani asilimia 10, na baada ya saa tatu hakuna manufaa tena. Yaani mwanamke aliyetoka Liwale kuelekea hospitali ya rufaa ya Sokoine, Lindi mjini, akaja kuchomwa sindano hiyo mlangoni, huenda amefika salama lakini dawa imefika ikiwa imepitwa na wakati.

Kinachotakiwa kufanywa mapema si cha ajabu. Jaribio la E-MOTIVE, lililofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu na kuchapishwa mwaka 2023, lilihusisha hospitali 80 na wanawake zaidi ya 200,000. Wakunga walipewa mfuko wenye alama wa kupimia damu, na wakaelekezwa kufanya mambo machache kwa pamoja mara kiwango kinapovuka: kukanda mji wa mimba, kutoa oksitosini na asidi ya traneksami, kuweka dripu, kukagua chanzo cha damu, na kuita msaada. Kuvuja damu kwa hatari, au kifo kilichotokana nako, kulipungua kwa asilimia 60. Hakuna upasuaji hapo, wala mashine. Kuna kutambua mapema na kuthubutu kutenda mara moja. Basi jiulizeni mambo hayo yanafanywaje saa nane usiku na muuguzi mmoja, katika zahanati ambayo tukio la namna hiyo hutokea mara chache kwa mwaka. Elimu anayo. Anachokosa ni mtu wa kumwambia, "Ndiyo, hiyo ndiyo yenyewe, choma sasa, mimi nipo kwenye laini."

Kwa kweli mtu huyo hutafutwa tayari. Kila anayefanya kazi katika sekta hii anajua kwamba muuguzi akikwama humpigia daktari anayemfahamu: aliyesoma naye, aliyewahi kuwa mganga mkuu wake, aliyemfundisha semina. Picha za eksirei na karatasi za vipimo huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp usiku kucha, na madaktari wema hujibu wakiwa vitandani, kwa salio lao. Hiyo ni tiba mtandao ya dharura, nayo imeshaenea nchi nzima bila waraka wala bajeti. Tatizo lake ni kwamba inategemea kujuana. Mwenye namba ya bingwa hujibiwa. Aliyeajiriwa mwezi uliopita, akapelekwa mbali na kwao, hana wa kumpigia. Na maelekezo yanayotolewa hivyo hayaandikwi popote, hayana wa kuyawajibikia, wala hakuna anayejifunza kutokana nayo. Nikisema tuanzishe daktari wa 115, sitaki kitu kigeni. Nataka kile ambacho wahudumu wamekibuni kwa shida kiwe haki ya kila mgonjwa, badala ya kuwa bahati ya mgonjwa wa muuguzi mwenye marafiki.

Je, sauti tu inatibu? Ushahidi upo. Katika jimbo la Arizona, Marekani, vituo vya kupokea simu za dharura vilipoanza kwa utaratibu kuwaelekeza wapigaji namna ya kukandamiza kifua cha mtu aliyesimama moyo, waliotoka hospitalini wakiwa hai waliongezeka kutoka asilimia 9.1 hadi 12.0, kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016. Walioelekezwa ni watu wa kawaida, na chombo ni simu. Brazil, tangu ianzishe huduma yake ya 192 mwaka 2003, kila wito wa hatari hupitia kwa daktari anayekaa kituoni, akapanga gari lipi liende na kuwaongoza walio kwenye gari. India, huduma ya 108 iliyoanzia Andhra Pradesh mwaka 2005 ina madaktari kwenye kituo wanaowaelekeza mafundi tiba walio njiani. Jirani yetu Rwanda ana SAMU tangu 2007, na namba 912 kwa dharura za kitabibu za aina zote. Kipimo kikali zaidi kilifanyika mjini Aachen, Ujerumani, ambako daktari wa mbali amekuwa sehemu ya kawaida ya huduma tangu 2014. Huko wagonjwa zaidi ya 3,500 waligawanywa kwa kura: wengine wafuatwe na daktari ndani ya gari, wengine daktari wao awe kwenye mawasiliano tu. Ripoti ya 2023 ilionyesha kuwa usalama wa wagonjwa wa daktari wa mbali haukuwa hafifu kuliko wa wale waliofuatwa.

Najua mtakachosema: Aachen si Kakonko. Ni kweli. Huko wahudumu wa gari wamesomea kazi hiyo miaka kadhaa, na gari lina kamera na mashine inayotuma mapigo ya moyo. Kwetu, nyuma ya gari la dereva wa kijijini anaweza kuwepo muuguzi mmoja, au shangazi wa mgonjwa peke yake. Lakini itazameni tofauti hiyo vizuri, maana inaniunga mkono mimi. Wajerumani walilazimika kuthibitisha kwamba daktari wa kwenye simu hana upungufu kuliko daktari aliyeketi ndani ya gari. Sisi hatuna wa pili huyo. Ulinganisho wetu ni kati ya daktari wa kwenye simu na kutokuwa na daktari kabisa, na anayetaka kuendelea na la pili ndiye anayepaswa kuleta ushahidi.

Pingamizi la mtandao hafifu ningelipitia kwa haraka kama lisingekuwa chanzo cha fedha nyingi kupotea. Simu ya sauti inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi hii, na inafika mahali ambapo video haifiki. Pasipokuwa na mawasiliano barabarani, maelekezo yatolewe kabla gari halijaondoka na kwenye vituo vya afya vya njiani, na daktari ampigie mpokeaji wa hospitalini mapema ili damu na chumba cha upasuaji viwe tayari. Ninachokiogopa ni kinyume chake: kwamba wazo hili likikubaliwa litageuzwa kuwa zabuni ya skrini, kamera na vyumba vyenye viyoyozi, utepe utakatwa, na baada ya miaka miwili funguo za chumba hazitajulikana ziko kwa nani. Tiba mtandao ya bingwa kusoma picha za CT-Scan za mkoani ni nzuri, iendelee. Ya dharura ni jambo la orodha ya zamu, simu, na kitabu cha miongozo kilichokubaliwa. Kifaa chake cha thamani ni mtu aliye macho.

Na watu hao, mtauliza, watatoka wapi, wakati madaktari wenyewe hawatoshi wodini? Tupige hesabu. Kiti kimoja kinachokaliwa usiku na mchana ni saa 168 kwa wiki. Kwa saa 40 za kazi kwa mtu, ni watu wanne na ushee. Ukiweka likizo na maradhi, watano. Viti viwili ni madaktari kumi. Idara ya kwanza kamili ya tiba ya dharura katika hospitali ya umma ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010, na mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Muhimbili kikaanza kufundisha mabingwa wa fani hiyo. Taifa halianzi na sifuri. Watu kumi hawawezi kupelekwa kwenye zahanati zote, hata ukiwagawa vipande. Wakikaa kwenye simu, kila zahanati inawapata. Uchache wa madaktari ni hoja ya kuwaweka mahali wanapofikiwa na wengi. Hawatajua yote, bila shaka. Bingwa wa uzazi na wa watoto wa hospitali ya kanda wawe nyuma yao, wa kuunganishwa papo hapo.

Pingamizi zito kuliko yote ni la lawama. Daktari ambaye hajamwona mgonjwa akielekeza vibaya, au muuguzi akisikia dozi visivyo, nani atajibu? Swali ni la haki, na ndilo linalonifanya niandike kwa mawaziri wawili badala ya kuandika kwa hospitali moja. Lakini tusijidanganye kwamba leo hakuna hatari. Leo muuguzi akichoma bila maelekezo anaweza kuitwa kwenye kamati. Asipochoma, anaweza kumpoteza mama na kuitwa kwenye kamati hiyo hiyo. Kati ya adhabu hizo mbili, wengi huchagua kuandika barua ya rufaa na kusubiri gari. Baraza la Madaktari Tanganyika na Baraza la Uuguzi na Ukunga watoe mwongozo wa pamoja: aliyeelekeza anawajibikia maelekezo, aliyetenda anawajibikia utendaji, mazungumzo yarekodiwe, muuguzi airudie dozi kwa sauti kabla ya kuitoa, na daktari abaki ndani ya mipaka ya miongozo ya tiba ambayo Wizara imeshaichapisha. Na kanuni moja isiguswe: gari linaitwa kwanza, mazungumzo yanafuata. Simu ya daktari ikianza kuwa kibali cha gari kuondoka, tutakuwa tumezaa ucheleweshaji wa nne. Kuhusu siri za wagonjwa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatosha kuwa msingi, na rekodi iliyohifadhiwa na Serikali kwa mujibu wake ni salama kuliko picha ya jeraha iliyolala kwenye simu za watu 200 wa kundi la WhatsApp.

Litabaki suala la dawa, na hapa sina jibu la mkato. Daktari anaweza kusema "toa magnesiamu salfeti" kwa mama wa kifafa cha mimba, na kabati likawa tupu. Simu haitengenezi dawa, wala damu salama, wala oksijeni. Lakini leo kabati likiwa tupu usiku wa manane, habari hiyo huishia ndani ya chumba kile. Huja kuonekana, kama itaonekana, kwenye ripoti ya robo mwaka. Daktari wa 115 akiandika kila agizo ambalo halikutekelezeka kwa kukosa dawa, pamoja na jina la kituo na tarehe, Bohari ya Dawa na mkurugenzi wa halmashauri wataipata orodha hiyo asubuhi. Nakiri orodha hiyo itawaudhi watu. Ndiyo sababu nashauri iamuliwe tangu mwanzo kwamba itakusanywa, kabla haijapata maadui.

Fedha zisiwe za mfadhili peke yake. m-mama ulijengwa kwa mkono wa Vodafone Foundation na wengine, na kwa kuanzia haikuwa vibaya. Ila Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa amri ya siku moja, kila nchi ya ukanda huu iliona maana ya kuweka huduma ya uhai kwenye bajeti ya mwingine. Mishahara ya madaktari kumi na posho zao za usiku ni kitu ambacho Hazina yetu inaweza kukibeba. Kisipobebwa na Hazina, bora kisianzishwe, maana muuguzi aliyezoea kujibiwa kisha simu ikakatika atakuwa katika hali mbaya kuliko asiyezoea.

Kisha mlango upanuliwe. Mpango uliopo uliundwa kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, na ulikuwa sahihi kuanza nao. Lakini mtoto wa miezi mitatu mwenye degedege, kijana wa bodaboda aliyevunjika paja, mkulima aliyeumwa na nyoka na mzee aliyepigwa na kiharusi asubuhi hii wanatumia zahanati ile ile na barabara ile ile. Kwa mwenye kiharusi cha damu kuganda, dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, baada ya CT-Scan kuonyesha kwamba si damu iliyovuja. Anayeweza kumwambia tabibu "usimpeleke wilayani, mpitishe moja kwa moja mkoani kwenye mashine" ni mtu mwenye picha ya mfumo mzima mbele yake. Mtu huyo leo hayupo.

Naomba muanze na mikoa miwili, Lindi na Kigoma: mmoja wenye wilaya zilizo mbali sana na makao makuu ya mkoa, mwingine wenye vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika ambako gari huanza na boti. Mwaka mmoja unatosha kupima mambo manne: dakika kati ya simu na dawa ya kwanza, joto la kichanga anapopokelewa hospitalini, idadi ya maelekezo yaliyokwama kwa kukosa dawa, na hali ya mgonjwa siku ya saba. Takwimu hizo zisomwe kwenye hotuba ya bajeti ya Waziri wa Afya bungeni Dodoma, na TAMISEMI isome sehemu yake, mkoa kwa mkoa, hata zile zitakazokuwa mbaya.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwananchi